Koriza: mafua ya paka

Koriza ni kuvimba kwa utando laini wa ndani ya pua, kunakomfanya mnyama apige chafya mfululizo na kutokwa kamasi. Neno ni la Kiyunani. Bukavu liliingia kwa Kifaransa, lugha ambayo madaktari wa mifugo wa Kivu Kusini husomea na kuandikia. Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, mafua, na paka mwenye koriza husemwa ana mafua ya paka. Tafsiri hiyo inafaa, mradi mipaka yake ijulikane.

Si kila chafya ni koriza. Moshi wa makala jikoni, au vumbi la kiangazi cha Juni hadi Agosti, humwasha paka pua, naye hutulia akiondolewa hapo. Koriza hudumu siku kadhaa: macho hulowa, kamasi nyepesi hugeuka nzito ya manjano, na paka huacha kula kwa sababu hasikii harufu ya chakula.

Istilahi hii hutaja dalili, haitaji kijidudu kimoja. Mara nyingi chanzo ni virusi viwili. Virusi vya herpesi vya paka hushambulia pua na macho, wakati mwingine hadi kioo cha jicho kikafanya kidonda. Paka akipona, kwa kawaida virusi hivyo havimtoki: hujificha katika neva za uso maisha yake yote, na huamka anapopata msukosuko kama vile kuhamishwa nyumba, kuletewa paka mgeni au kunyonyesha. Ndiyo maana paka mmoja anaweza kurudiwa na chafya miaka na miaka bila kuambukizwa upya. Kalisivirusi hujulikana zaidi kwa vidonda vya ulimi na udenda. Herpesi hufa nje ya mwili kwa muda wa siku moja hivi, lakini kalisivirusi hukaa wiki kadhaa kwenye bakuli au tambara kavu, kwa hiyo vyombo vya mgonjwa husafishwa kwa maji yenye dawa ya klorini na kusuuzwa vizuri.

Bakteria nao wamo. Mmoja wao, bodetela, anahusu hasa nyumba za Kivu Kusini zinazofuga dende, yaani simbilisi, jikoni anakolala paka: kwa dende bakteria huyo huleta kichomi kinachoua. Paka anayepiga chafya atengwe nao.

Mipaka ya neno mafua huonekana hapa. Vitabu vya ufugaji huita mafua ya kuku ugonjwa wa bakteria wa aina nyingine kabisa; mafua ya ndege ni ya virusi vya influenza; mafua ya watu yana virusi vyake. Jina ni moja, magonjwa ni mbalimbali, na dawa haziazimani. Kosa baya kuliko yote ni kumpa paka parasetamoli kwa kuwa watu huinywa wakiwa na mafua. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja. Sumu yake huharibu chembe nyekundu hadi damu ishindwe kubeba oksijeni, fizi zikageuka kahawia. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua.

Linalofaa nyumbani ni kumpangusa pua na macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai katika nusu lita, kumweka penye joto, na kumpa chakula chenye harufu kali. Samaki aina ya sambaza wa Ziwa Kivu waliopashwa moto kidogo hufaa sana. Antibiotiki haziui virusi. Daktari huzitoa akiona bakteria wameingilia. Paka aliyekaa siku nzima bila kula, anayehema mdomo wazi au anayefumba jicho kwa maumivu apelekwe kwa daktari bila kungoja. Damu au usaha wa tundu moja tu la pua mara nyingi si koriza: huenda ni jani lililonasa, mzizi wa jino uliooza au uvimbe.

Chanjo huanza mtoto wa paka akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi atimize wiki 16. Haizuii maambukizi yote. Aliyechanjwa bado anaweza kupiga chafya, lakini huugua kwa wepesi zaidi.