Kiongezwa cha dizeli si dawa

Katika gereji nyingi za Tanzania na Kenya, chupa ndogo inayomiminwa kwenye tangi la dizeli huitwa dawa. Jina ni jepesi na mteja hahitaji kufafanuliwa, lakini linapotosha matumizi, kwa sababu mtu hutafuta dawa akishaugua. Vingi vya vitu hivi havina faida tena tatizo likishatokea. Tuanze na kile kinachouzwa nchi za baridi. Ndani ya dizeli mna nta iliyoyeyuka. Halijoto ikishuka, nta huanza kuganda kuwa fuwele na mafuta hupata ukungu. Fuwele hukua, hushikana, na mwishowe huziba chujio. Kemikali inayozuia hali hiyo haiondoi nta wala haiyeyushi iliyokwisha kuganda. Hujipachika kwenye fuwele zinapoanza kuumbika tu, zikabaki ndogo kiasi cha kupita kwenye chujio. Dereva wa lori huko Kanada anayeitia asubuhi, injini ikiwa imeshagoma, amechelewa. Alipaswa kuitia mafuta yakiwa bado na joto, kisha aongeze dizeli juu yake ili vichanganyike. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha dizeli, EN 590, hugawa mafuta kwa madaraja ya hali ya hewa, na Ujerumani dizeli ya majira ya baridi huingizwa vituoni katikati ya Novemba, bila kusubiri magari yakwame. Vivyo hivyo kwa kemikali inayoizuia dizeli isioze ikikaa. Huchelewesha oksijeni kuyageuza mafuta kuwa utomvu, basi hutiwa mafuta yakiwa mapya. Utomvu uliokwisha kufanyika haurudi kuwa mafuta.

Kwa hiyo napendekeza tuseme kiongezwa, wingi viongezwa. Wako wanaopendelea kiongezi au kiongezeo. Kiongezi kina kasoro moja kubwa: kwa umbo lake kinadai kwamba kitu hicho ndicho kinachoongeza, na mnunuzi hujiuliza kinaongeza nini, nguvu au kilomita? Kiongezwa cha kuzuia ugandaji hakiongezi chochote. Kinashusha halijoto ambayo chujio litaziba. Umbo la kutendwa halitoi ahadi yoyote, linasema tu kwamba kitu kimetiwa ndani ya kingine. Na si umbo geni, kwani wanafunzi wa sarufi wamezoea kitenzi na kitendwa. Ushahidi mwingine uko Tanzania, ambako mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kutia vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta ili kuyatambua yaliyolipiwa kodi. Kinasaba hicho hakitibu wala hakiboreshi mafuta, lakini ni kiongezwa kamili. Neno linalokipokea bila kulazimishwa ndilo linalofaa kuwa la jumla.

Pingamizi zito zaidi linatokana na uchakachuaji. Msikilizaji wa Kiswahili akiambiwa kuna kitu kimeongezwa kwenye dizeli, hufikiria mafuta ya taa, na ana haki ya kufikiria hivyo. Lakini mchakachuaji huongeza ujazo ili auze kisicho dizeli kwa bei ya dizeli, kwa hiyo hafaidiki akitia kidogo. Viongezwa vingi hutiwa kwa kipimo cha sehemu mia chache kwa milioni moja, na ujazo haubadiliki kwa namna ya kuonekana. Hofu hiyo haiondolewi kwa kukiita kitu dawa. Huondolewa kwa kusema jina la kazi yake: kiongezwa cha kuzuia ugandaji, cha kulainisha pampu, cha kuharakisha uwakaji.

Ipo aina moja inayostahili kuitwa dawa, nayo ndiyo inayotugusa zaidi watu wa mwambao. Kwetu adui wa dizeli ni maji kuliko baridi. Tangi lililo nusu tupu hupumua: mchana hewa hutanuka ikatoka, usiku hewa yenye unyevu huingia, na majira ya masika unyevu huo ni mwingi. Maji hutona kwenye kuta, hushuka chini ya mafuta, na pale yanapokutana na dizeli huota kuvu na bakteria wanaofanya utando wa kuziba chujio. Kiuavijidudu huwaua kweli. Hata hivyo mizoga yao hubaki tangini na huziba vilevile, na maji yakiachwa, wengine wataota. Mwenye jenereta ya dharura atapata faida zaidi akitoa maji chini ya tangi na kulijaza kabla ya mvua kuliko akinunua chupa ya pili.

Uhifadhi nao hufuata kazi ya kila kiongezwa, jambo ambalo jina moja la dawa hulificha. Cha kuharakisha uwakaji mara nyingi ni nitrati ya 2-ethylhexyl, ambayo huvunjika ikipata joto kali na kutoa joto jingine, kwa hiyo isiwekwe juani wala karibu na injini. Cha kuzuia ugandaji chenyewe huwa kizito kwenye baridi, basi kikae ndani ya nyumba mpaka saa ya kutumiwa. Vyote vibaki kwenye chombo chake cha asili, kifuniko kimekazwa, lebo ikisomeka. Lebo ni muhimu hasa kwa sababu ya AdBlue, mmumunyo wa urea wa asilimia 32.5, unaouzwa rafu moja na viongezwa. Nao huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, na ukihifadhiwa kwenye nyuzi 35 muda wake hushuka hadi miezi 6 hivi. Lakini si kiongezwa cha dizeli: una tangi lake, na hunyunyizwa kwenye moshi baada ya mafuta kuwaka. Ukimiminwa kwenye tangi la dizeli huacha fuwele na kutu kwenye pampu na nozeli, na fundi hulazimika kuondoa mafuta yote na kusafisha mfumo mzima.