Umebonyeza linki, mbona hujaingia? Fahamu njia inayokufikisha kwenye mkutano wa video

Tuseme wewe ni shahidi, uko Makuyuni wilayani Korogwe, na shauri linasikilizwa Tanga mjini. Tangu 2021 Tanzania ina kanuni zinazoruhusu mashauri kusikilizwa kwa njia ya mtandao, hivyo si lazima upande basi. Umetumiwa linki, umeibonyeza saa tatu kamili, lakini simu inakuambia usubiri tu. Upande wa pili wameanza kuulizana shahidi yuko wapi.

Shida inaweza kuwa bando, linki, au mtu aliyesahau kukufungulia. Ili ujue ni ipi, fahamu malango matatu unayopita.

Humpigii mtu, unapiga hodi

Simu ya kawaida inamtafuta mtu kwa namba yake. Mkutano wa video ni tofauti: ni kama chumba kilichotengwa kwenye seva, na kila mshiriki anakifuata kwa namba ya chumba hicho. Kwenye Zoom namba hiyo ina tarakimu 9 hadi 11. Kwenye Google Meet ni herufi 10 zilizogawanywa mafungu matatu.

Linki uliyotumiwa ni namba hiyohiyo, imewekwa ndani ya anwani ya mtandao. Mara nyingi na nywila imefichwa humo humo, ndiyo maana ukibonyeza huulizwi kitu. Na ndiyo maana linki ikirushwa kwenye grupu la WhatsApp, yeyote aliyeiona anaweza kubisha hodi.

Lango la kwanza: namba

Seva inaangalia kama chumba kipo, kama nywila ni sahihi, na kama mwenyeji ameshakifungua. Ukiambiwa namba si sahihi, kuna tarakimu umekosea au linki imekatika wakati wa kunakili. Ukiambiwa mwenyeji hajaanza mkutano, wewe huna kosa. Tulia.

Lango la pili: chumba cha kusubiri

Aprili 2020, baada ya watu wasioalikwa kuvamia mikutano, Zoom waliwawashia watumiaji wa bure chumba cha kusubiri bila wao kuomba. Ukifika hapa, ujue namba yako imekubaliwa. Kilichobaki ni mwenyeji kukuruhusu.

Mwenyeji haoni sura yako, anaona jina tu. Ukiingia kwa jina la simu, mfano "Samsung", anaweza kukupita akidhani ni mvamizi. Andika jina lako kamili.

Kwenye mashauri chumba hiki kina faida nyingine: shahidi anaweza kuwekwa humo asisikie ushahidi wa wenzake kabla ya zamu yake. Kwa hiyo kukaa humo muda mrefu si lazima iwe hitilafu. Kutoka na kuingia tena na tena hakusaidii, maana kila mara unabisha hodi upya.

Lango la tatu: sauti na picha

Umeruhusiwa, sasa simu inatafuta njia ya kupitisha sauti na picha. Mfumo kwa kawaida huchagua seva iliyo karibu, lakini "karibu" inaweza kuwa nchi nyingine. Sauti yako inaweza kutoka mnara wa Makuyuni, ikapita Dar es Salaam, ikaingia nyaya za chini ya bahari kama SEACOM iliyoanza kazi 2009 au EASSy ya 2010, ndipo irudi Tanga mjini.

Njia hiyo huchaguliwa na mitambo, nayo hukosea. Aprili 2020 Zoom walikiri kwamba baadhi ya mikutano ya watu walio nje ya China ilipitishwa kimakosa kwenye seva za China. Mwezi huohuo waliwapa wateja wanaolipia uwezo wa kuchagua seva za maeneo gani zitumike.

Sauti husafiri kwa vipande vidogo, na kipande kikipotea kwa kawaida hakisubiriwi. Ndiyo maana mtandao ukiwa dhaifu maneno yanakatika. Baadhi ya mitandao ya ofisini huzuia njia hii ya haraka, na mfumo unalazimika kupita njia ileile ya kurasa za kawaida, ambayo huchelewa zaidi. Ukiwa umeingia ila husikii vizuri kwenye Wi-Fi ya ofisi, jaribu bando lako.

Kamera ndiyo inayokula zaidi. Kwa mwongozo wa Zoom, sauti pekee inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, wakati video nzuri ya watu wawili inahitaji 600.

Mwenye kitochi je?

Naye anaweza kuingia, kama mwenyeji amelipia huduma hiyo. Unapiga namba iliyo kwenye mwaliko, sauti iliyorekodiwa inakuuliza namba ya mkutano, unaiandika na kumalizia na alama ya reli (#), kisha unafuata maelekezo. Kwenye Zoom, *6 inafunga na kufungua kipaza sauti, *9 inanyoosha mkono. Angalia kwanza namba ni ya nchi gani, isije ikala salio kwa bei ya kimataifa.

Ukikwama, fanya hivi

• Namba imekataliwa: omba mwaliko utumwe upya.
• Uko chumba cha kusubiri: usitoke. Mpigie karani au mwenyeji umwambie umeingia kwa jina gani.
• Umeingia ila sauti inakatika: zima kamera, kisha badili mtandao.
• Piga picha ya skrini inayoonyesha saa. Ukiulizwa ulikuwa wapi, utakuwa na cha kuonyesha.
• Hifadhi namba ya simu ya karani au mwenyeji siku moja kabla, si asubuhi ya shauri.