Jinsi nyuzi za asbesto zinavyovuruga seli na kuleta saratani

KISIWANI Takawiri, katika Kaunti ya Homa Bay, kila bamba la kuezekea nyumba hufika kwa mashua. Likichakaa, ama hurejeshwa bara kwa mashua ama hubaki papo hapo ufuoni.

Jambo hilo huwa zito ikiwa bamba lenyewe ni la asbesto. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliorodhesha asbesto miongoni mwa taka hatari nchini Kenya, lakini mapaa ya aina hiyo yangali juu ya madarasa na nyumba za watumishi wa umma zilizojengwa miongo mingi iliyopita.

Asbesto ni jina la jumla la madini sita yenye umbo la nyuzi. Hayaungui wala hayaozi, na ndiyo sababu yalipendwa na viwanda vilivyoyachanganya na saruji. Bamba zima lisiloguswa hutoa nyuzi chache. Likikatwa kwa msumeno, likitobolewa au kuvunjwa, hutoa vumbi ambalo sehemu yake mbaya zaidi haionekani kwa macho.

Ushahidi mkubwa ulitoka Afrika. Mwaka 1960, daktari J. C. Wagner na wenzake walieleza kuhusu wagonjwa 33, wengi wao wakihusishwa na machimbo ya asbesto ya Cape Kaskazini, Afrika Kusini. Wote walikuwa na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi machimboni. Waliishi karibu tu.

Uzi unapovutwa na kufika ndani kabisa ya mapafu, hukutana na makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Uzi wenye urefu wa zaidi ya mikromita 20 huishinda seli hiyo. Hujaribu kuumeza, ikabaki kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa mbuta kooni, huku ikimwaga kemikali zinazoumiza tishu za jirani. Chuma kilichomo katika aina kadhaa za asbesto huongeza kemikali hizo za oksijeni, ambazo hukwaruza hata DNA.

Mwaka 2008, watafiti akiwemo Jürg Tschopp wa Uswisi walionyesha kwamba nyuzi hizo huamsha mkusanyiko wa protini uitwao NLRP3 ndani ya makrofaji. Mkusanyiko huo huachilia interleukini-1 beta, ishara ya kuwasha uvimbe. Kwa kawaida uvimbe hutulia adui akishaondoka. Hapa adui haondoki.

Seli za utando nazo hupokea ujumbe wa upotofu. Katika miaka ya 1990, Brooke Mossman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, walieleza jinsi asbesto inavyochokoza kipokezi cha EGFR kilicho juu ya seli. Kipokezi hupitisha ishara kwa protini za ERK, nazo huifikisha hadi ndani ya kiini, ambako jeni za kugawanya seli huwashwa. Seli huambiwa izaliane ingawa mwili haukuomba.

Swali lililobaki lilikuwa hili: ikiwa asbesto ni sumu kwa seli, mbona seli zilizoumizwa hazifi zote? Utafiti wa Haining Yang, Michele Carbone na wenzao uliochapishwa mwaka 2006 ulitoa jibu. Makrofaji hutoa TNF-alfa, inayoamsha protini ya NF-kB, nayo huziokoa seli za utando zisife. Zinazonusurika ni zile zile zenye DNA iliyoharibika.

Urithi nao una nafasi. Mwaka 2011 ilibainika kuwa katika familia mbili za Marekani, kasoro ya jeni ya BAP1 iliwafanya jamaa wengi kupata mesothelioma. Uvutaji sigara hauongezi saratani hiyo, lakini huzidisha mno hatari ya saratani ya mapafu kwa aliyevuta asbesto.

Asbesto si peke yake. Katika vijiji kama Karain nchini Uturuki, mesothelioma iliwaua watu wengi kwa sababu ya erionaiti, madini ya nyuzi yaliyo katika mawe ya volkano waliyojengea nyumba.

Ugonjwa huchukua kati ya miaka 20 na 50 kujitokeza. Kijana anayebomoa paa akiwa na umri wa miaka 20 anaweza kuanza kukosa pumzi akiwa mzee, na daktari asipomuuliza kuhusu paa hilo, huenda yeye mwenyewe asilitaje.

Kwa hiyo paa la asbesto halivunjwi kwa nyundo. Hulowanishwa kwa maji, mabamba yakateremshwa mazima, yakafungwa kwa plastiki nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa, kazi ikifanywa na watu wenye leseni ya NEMA. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Kuchoma mabamba hakusaidii, kwani madini hayo hayaungui. Vipande vilivyosagwa kufukia njia au kuachwa ufuoni huendelea kutoa vumbi kila vinapokanyagwa.