Nani Alipita Bila Kuacha Alama?

Ukienda kulala loji ya msituni siku hizi, unaambiwa usiache hata karatasi. Sawa kabisa. Ila msitu wa Aberdare, kando ya Nyeri, unalijua somo hilo kitambo.

Februari 1952 Elizabeth alikaa usiku Treetops, hoteli ya juu ya mti. Babake akafariki usiku huohuo. Habari ilimfikia Sagana, tayari malkia.

Oktoba ikatangazwa hali ya hatari. Wapiganaji wa Mau Mau walikaa msitu huohuo wakifuta nyayo na kuficha moshi, maana alama moja ingewaletea risasi. 1954 Treetops ikachomwa.

1957 ikajengwa upya. Mwaka huohuo Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti, akazikwa bila alama. Hiyo hakuichagua yeye.