Nani Aamshwe? Historia Fupi ya Staftahi ya Daraja la Mbele

Wengi wetu katika chama hiki tunalijua daraja la mbele la ndege kwa kupita tu. Tunapoingia tunakatiza kati ya viti vyake vipana, mabegi mgongoni na mifuko ya korosho mkononi, kisha pazia linafungwa nyuma yetu. Zamani kilichotukumbusha kwamba kuna watu kule mbele ni harufu: kabla taa za kwetu hazijawashwa alfajiri, kahawa na mkate wa moto wa wenzetu vilitangulia kufika puani. Siku hizi hata harufu hiyo imepungua. Si kwamba abiria wa mbele wamefukarika. Wamelala, na wamelipa ili wasiamshwe.

Kiswahili kina majina kadhaa ya mlo huu: staftahi, kifungua kinywa, chamshakinywa, na majumbani kwetu wengi husema chai tu, hata kama chai yenyewe imezungukwa na maandazi, mbaazi na viazi. Majina yote yanachukulia kwamba usiku umepita na kwamba mtu amelala. Ndani ya ndege hayo yote mawili yana shaka, na shaka hiyo ndiyo historia tunayotaka kuisimulia.

Chakula cha kwanza kuuzwa ndani ya ndege ya abiria hakikuwa cha asubuhi. Tarehe 11 Oktoba 1919 kampuni ya Handley Page Transport ilianza kuuza vikasha vya chakula baridi katika safari ya London kwenda Paris, kila kimoja shilingi 3. Safari yenyewe ilikuwa ya saa chache za mchana, kwa hiyo hapakuwa na usiku wa kufungulia kinywa.

Hata safari zilipokuwa ndefu, usiku ulibaki nchi kavu. Mwaka 1937 Imperial Airways ilianza kupeleka ndege za kutua majini kutoka Southampton hadi Durban. Njia ilifuata Mto Nile, ikaja Kisumu, ikateremka Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, kisha ikaendelea kusini kwa pwani ya Msumbiji. Daraja lilikuwa moja tu, la maofisa na matajiri, na safari ilichukua siku kadhaa. Jioni ndege ilitia nanga, abiria wakalala hotelini, na asubuhi wakaamshwa mapema ili safari ianze. Msafiri wa daraja la juu aliyepita pwani yetu wakati huo alikuwa na asubuhi ya kweli: jua lilimchomozea akiwa chini, kama lilivyomchomozea mvuvi wa Lindi.

Kitanda kilipoingia ndani ya ndege, mambo yakabadilika. Marekani mwaka 1936 American Airlines ilianza kutumia Douglas Sleeper Transport, ndugu mkubwa wa DC-3, yenye vitanda 14 kwa safari za usiku za kuvuka bara. Mwaka huohuo United Airlines ilifungua jiko maalumu la kupikia chakula cha ndege huko Oakland, California. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Ukimlaza mtu angani huna budi kumlisha akiamka, na chakula cha kumlisha lazima kiwe kimepikwa mahali fulani chini jana yake.

Kilele cha staftahi ya angani, kwa maoni yetu, ni miaka ya mwanzo ya 1950, enzi ya Boeing Stratocruiser. Ndege hii ya pangaboi ilikuwa na ghorofa mbili, baa ndogo chini, na vitanda vilivyoteremshwa kutoka juu ya viti. Kuvuka Atlantiki kulichukua kama saa 12 au zaidi, kutegemea upepo na vituo vya kujaza mafuta. Usiku ulikuwa mrefu wa kutosha. Abiria alikula chakula cha jioni, akalala, na alipoamka akaletewa sinia palepale kitandani. Matangazo ya Pan American yalijivunia jambo hilo waziwazi.

Kwa nini mashirika yalijisumbua hivyo? Hapa lazima tutoke jikoni kidogo twende ofisini. Wakati huo nauli za kimataifa zilipangwa kwa makubaliano ndani ya IATA, chama cha mashirika ya ndege. Shirika halikuweza kumvuta abiria kwa kupunguza bei, likamvuta kwa sahani. Lilipoanzishwa daraja la uchumi katika safari za Atlantiki mwaka 1958, kanuni ilisema abiria wake wapewe sandwichi tu, ili tofauti yao na wa mbele ionekane. Shirika la Skandinavia, SAS, likatoa sandwichi za kwao, zile za kipande kimoja cha mkate kisichofunikwa, na juu yake likarundika mapambo mpaka ikawa karamu. Pan American ikalalamika, mabishano yakafika IATA, na SAS ikatozwa faini. Watu wazima wakakaa mezani kujadili sandwichi ni nini. Tunacheka, lakini hoja yao ilikuwa nzito: chakula ndicho kilichokuwa ukuta kati ya madaraja, kabla hata ya pazia.

Mwaka huohuo wa 1958 ndipo staftahi ilipopata pigo ambalo halijapona. Tarehe 4 Oktoba BOAC ilianza safari za jeti kati ya London na New York kwa Comet 4, na wiki tatu baadaye Pan American ikafuata kwa Boeing 707. Comet iliyotoka New York siku ile ilifika London kwa saa 6 na ushei. Watu walishangilia mwendo, bila kuhesabu kilichotokea kwa usiku.

Hebu tuhesabu kwa saa zetu za Kiswahili. Ndege iondoke New York saa mbili usiku. Baada ya saa 6 na robo inatua London, ambako saa ziko mbele kwa 5, yaani ni saa moja na robo asubuhi. Kifungua kinywa hutolewa kama saa moja na nusu kabla ya kutua. Kwa mwili wa abiria, ambao bado uko New York, hiyo ni saa saba kasorobo usiku. Chakula cha jioni amekimaliza saa tatu na nusu au saa nne. Kwa hiyo kati ya mlo wa jioni na mlo wa asubuhi hazifiki saa 4. Kwa Mwislamu huo ungekuwa daku ya mapema mno. Kwa mwingine yeyote ni kuamshwa tu. Jeti iliunyofoa usiku katikati, lakini milo miwili ya pembeni ikabaki ilivyokuwa, kwa sababu mashirika yalikuwa yamezoea kushindana kwa sahani.

Kuna kisa kimoja cha mwaka 1975 kinachoonyesha jinsi saa za mwili na saa za sinia zinavyoweza kuachana. Tarehe 3 Februari Boeing 747 ya Japan Air Lines ilikuwa ikitoka Tokyo kwenda Paris. Ilitua Anchorage, Alaska, ikapakia chakula na marubani wapya, ikaelekea Copenhagen. Karibu na mwisho wa safari abiria walipewa vimanda vya mayai vyenye nyama ya nguruwe. Watu 197 waliugua, na zaidi ya 140 wakalazwa hospitali. Chanzo kilikuwa mpishi mmoja wa Anchorage aliyekuwa na vidonda vidoleni. Bakteria waliingia kwenye nyama, chakula kikakaa saa nyingi bila baridi ya kutosha, na bakteria wakatengeneza sumu ambayo joto la oveni ya ndege haliwezi kuiua. Marubani hawakudhurika. Walikuwa wamepanda Anchorage, miili yao ilikuwa katika saa za Alaska, na kwao ulikuwa wakati wa chakula cha jioni. Wakala nyama ya ng'ombe, vimanda wakaviacha. Watu zaidi ya 340 walifika salama kwa sababu marubani wao hawakuona kama ni asubuhi.

Meneja wa jiko lile alijiua baada ya chanzo kujulikana. Tunamtaja kwa sababu historia za anasa huishia kwenye kiti cha abiria, na aliyekata vitunguu saa nane usiku hasemwi. Mashirika mengi leo yana kanuni kwamba rubani na msaidizi wake wasile mlo mmoja. Majiko nayo husisitiza kwamba chakula kikishaiva kipozwe upesi sana, kikae kwenye baridi, kisha kipashwe moto angani.

Na yai ndilo linaloumia zaidi katika mpango huo. Mchuzi ukipashwa moto mara ya pili unaweza hata kunoga, lakini kimanda hugeuka sifongo. Cathay Pacific ya Hong Kong ilipata sifa kwa wahudumu wake kukaanga mayai palepale katika daraja la kwanza, na ni wachache waliofuata, kwa kuwa kazi hiyo inawezekana kwa abiria 6, si kwa 60. Ulimi nao una matatizo yake. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa na taasisi ya Fraunhofer kwa ajili ya Lufthansa ulionyesha kwamba katika hewa nyepesi na kavu ya ndege chumvi na sukari huhisiwa kwa uchache kuliko chini. Chai ndiyo usiseme. Hewa ya ndani ya ndege nyingi inaweza kushushwa hadi kiwango cha mahali penye mwinuko wa mita 2,400, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Boeing 787 hushikilia kiwango cha mita 1,800, karibu sawa na Nairobi, na wale wetu waliokulia Nairobi wanasema chai yake inanyweka. Hatujaafikiana.

Ndege moja tu iliishinda saa. Concorde ya British Airways, ambayo safari yake ya kwanza ya ratiba mwaka 1976 ilikwenda Bahrain, baadaye ilikuwa ikiondoka London saa nne na nusu asubuhi na kufika New York kama saa tatu na nusu asubuhi ya siku hiyohiyo. Mtu alikunywa chai London, akafika New York wakati wa chai.

Mapinduzi ya pili yalikuja na kitanda tena. Katikati ya miaka ya 1990 British Airways iliweka katika daraja la kwanza kiti kinacholala bapa kabisa, na mwaka 2000 ikakipeleka daraja la biashara. Wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine. Sasa shirika lilikuwa limemuuzia abiria usingizi kwa bei kubwa, kisha linamwamsha kwa kimanda baridi. Ikabidi mlo uondolewe njiani. Katika safari fupi za usiku kutoka mashariki ya Marekani abiria wa mbele walianza kulishwa chakula cha jioni uwanjani kabla ya kupanda, na walipofika London wakakuta ukumbi wenye bafu na kifungua kinywa. Qantas na wengine wakatoa kadi: weka alama kwenye unachotaka, na saa ya kuamshwa, au andika usiamshwe kabisa. Qatar Airways ikaruhusu abiria wa daraja la biashara kula saa yoyote apendayo. Staftahi iliyokuwa karamu ya wote kwa pamoja ikawa jambo la mtu mmoja na saa yake.

Lakini abiria hawakubali kila upungufu. Mwishoni mwa 2024 British Airways ilibadilisha mlo wa mchana wa madaraja yake ya juu, katika safari ndefu zinazoondoka kabla ya saa tano na nusu asubuhi, ukawa mlo mwepesi wa kati ya asubuhi na mchana. Malalamiko yalikuwa makali, na haikuchukua muda mrefu shirika likarudi nyuma. Sisi tunaona tofauti hapa. Abiria aliyelala alifurahi kupunguziwa chakula kwa sababu alipewa usingizi badala yake. Aliyeondoka akiwa macho, saa tano za asubuhi, hakupewa kitu.

Mashirika ya Ghuba yana somo lao, na wanachama wetu wa Muscat na Dubai wanalijua vizuri. Mwezi wa Ramadhani Emirates hukokotoa saa za imsaki na futari kwa kufuata mahali ndege ilipo angani, na abiria anayefunga hupewa boksi lake wakati jua la kwenye dirisha lake linapozama, si la Dubai wala la anakokwenda. Hapo mlo unafuata jua, kama ulivyofuata jua Lindi mwaka 1937, na huduma hiyo haichagui upande wa pazia.

Siku nyingine zote, upande wetu wa pazia una utaratibu wake. Abiria ni mia mbili na zaidi, oveni ni chache, njia ni nyembamba, na sinia lazima zikusanywe kabla ndege haijaanza kushuka. Kwa hiyo mhudumu, ambaye naye hajalala, huanza mapema, kama saa mbili kabla ya kutua. Taa zinawashwa, zile za rangi ya machungwa wanazosema ni za alfajiri. Tunaulizwa kimanda au uji wa shayiri, tunajibu macho yamefumba nusu, na mbele kule kimya.