Kutoka Mifereji ya Samunge hadi Printa ya 3D

Ukiitaja Samunge, wengi wanakumbuka mwaka 2011: foleni ndefu za magari na kikombe cha Babu. Leo tuache kikombe, tuangalie mifereji. Kijiji hiki cha wilaya ya Ngorongoro ni cha Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, na kwa karne kadhaa wamelima kwa kuyaongoza maji ya chemchemi na mito hadi mashambani. Mfereji hauna huruma. Mteremko ukiwa mdogo maji yanasimama; ukizidi, yanabomoa kingo. Kwa hiyo unachimba kidogo, unafungulia maji, unatazama, unarekebisha.

Mbunifu wa mashine naye anafanya hivyo hivyo: anajaribu kwa gharama ndogo kabla ya kujenga cha kudumu. Sasa jiulize, kama akili hiyo ipo vijijini tangu zamani, kwa nini kuchora mashine kwa kompyuta kulibaki kazi ya wachache? Sababu kubwa ni bei na sheria.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa udaktari pale MIT, Marekani, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad. Alichora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye kioo. Kilichobadilisha mambo ni hiki: angeweza kuiambia kompyuta mistari miwili iwe sambamba, nayo ikalishika sharti hilo hata mchoro ukibadilishwa. Tatizo ni kwamba kompyuta hiyo, TX-2, ilikuwa mtambo mkubwa wa maabara. Mwaka 1982 ikaja AutoCAD kwenye kompyuta za mezani, kwa takriban dola 1,000. Kwa ofisi ya Marekani ilikuwa nafuu. Kwa fundi wa Karatu, ndoto.

Upande wa kutengeneza nako kulikuwa na kufuli. Inasimuliwa kwamba Scott Crump alikuwa anamtengenezea binti yake chura wa kuchezea kwa bastola ya gundi ya moto, ndipo akapata wazo la kujenga umbo tabaka juu ya tabaka. Aliomba hataza mwaka 1989. Hataza ni haki ya pekee: inapotambulika, mwingine haruhusiwi kutumia mbinu hiyo kibiashara bila idhini. Muda wake uliisha 2009, na bei za printa za 3D zikaanza kuporomoka. Tayari mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alikuwa ameanzisha RepRap, printa inayochapa sehemu nyingi za plastiki za printa mwenzake. Michoro yake aliigawa bure.

Matunda yakafika kwetu Afrika. Nchini Togo, mwaka 2013, Afate Gnikou aliunda printa ya 3D kwa mabaki ya vifaa vya kielektroniki. Dar es Salaam, STICLab nao wakaunda printa kutokana na taka za aina hiyo. Na siyo lazima uwe na printa: Arusha, fundi baiskeli Bernard Kiwia alibuni chaja ya simu inayoendeshwa kwa baiskeli, kisha akashiriki kuanzisha Twende, karakana ambako watu wa kawaida hujifunza kubuni.

Basi wewe uanzie wapi? Chukua kitu kidogo kilichovunjika nyumbani, tuseme kishikizo cha pampu. Tafuta FreeCAD, programu huria iliyotoka mwaka 2002. Ni bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Pima kwa rula, chora umbo bapa, weka masharti (yale yale ya Sutherland), kisha lipe kimo. Kabla ya kuwaza printa, kata umbo hilo kwenye boksi gumu uone kama linaingia. Likigoma, badilisha kipimo kimoja tu, na mchoro uliofungwa vizuri kwa masharti utajirekebisha wenyewe. Kumbuka pia kuwa plastiki ya PLA huanza kulainika karibu nyuzi joto 60, kwa hiyo usiiweke karibu na injini.

Kufuli la hataza limefunguka, la bei ya programu pia. Lililobaki ni kompyuta na umeme, na hilo haliondoki kwa kusubiri miaka ipite. Kama sekondari ya kwenu ina chumba cha kompyuta kinachofungwa kila Ijumaa, nenda kamuulize mwalimu mkuu kuhusu Jumamosi.