Iga Barrière: historia ya termosta, na sababu gani maji ya motere hayachezewi

Barabara ya taifa nambari 27, kutoka Bunia kupitia Iga Barrière kuelekea Mahagi, ni njia ya chakula, na ni njia ya kukimbilia pia. Tangu vita viliporudi Djugu mwisho wa mwaka wa 2017, jamaa nyingi zimepita hapo ndani ya kamio, pamoja na magodoro, sufuria na watoto. Kamio ikichemka katikati ya njia, si shida ya shofere peke yake.

Shida hiyo ni ya zamani. Mwaka wa 1901 Mjerumani Wilhelm Maybach aliwekea gari la Mercedes radiatere yenye vitundu kama sega la nyuki. Gari la Ford T, lililoanza mwaka wa 1908, lilizungusha maji bila pompe kwa miaka mingi: maji ya moto yalipanda, ya baridi yakashuka. Mwaka wa 1914 Cadillac ilitia termosta, mlango mdogo unaozuia maji mpaka motere ipate joto. Katika miaka ya 1930 Sergius Vernet akaleta ile ya nta: nta ikiyeyuka inavimba, inasukuma mlango. Ndiyo inayotumika mpaka leo.

Kongo iliona magari hayo mapema. Mwaka wa 1925 msafara wa Citroën wa Georges-Marie Haardt ulipita Kisangani, wakati ule Stanleyville, ukielekea Kampala.

Ituri ina jambo lake. Bunia iko karibu mita 1,300 juu ya bahari; hapo maji yanachemka kwenye digri kama 96, si 100. Kifuniko cha radiatere ndicho kinachofunga presha ili maji yasichemke upesi. Kwa hiyo anayekifungua motere ikiwa moto anaachilia presha yote: maji yanaruka usoni na kuunguza.

Mafundi wanafuata utaratibu huu. Zima motere, ngoja hata saa nzima mpaka radiatere ishikike kwa mkono. Ndipo angalia kiasi cha maji, tubu zinazovuja, mkanda na feni. Kama maji yapo, motere inachemka, lakini tubu ya chini imebaki baridi, termosta huenda imeganda ikiwa imefungwa. Sindano isipopanda kabisa, huenda imebaki wazi. Toa termosta, itundike ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Nyingi zinafunguka kati ya digri 82 na 88, kwa hiyo hata maji ya Bunia yanatosha kuipima. Isipofunguka, nunua ingine.

Wengine wanaitupa na kuendesha bila termosta. Motere inabaki baridi, inakula mazuti zaidi na kuchakaa upesi. Na maji baridi yakimwagwa juu ya motere ya moto, chuma kinaweza kupasuka.

Kabla ya jamaa kupanda, dakika 5 za kuangalia maji asubuhi, motere ikiwa baridi, zinaweza kuwaepusha kulala njiani.